Kuchagua Kosa: Vichujio vya Picha katika Tiba Nyuklia

Nimeombwa nizungumzie hesabu, lakini nitaanza na sura.

Picha ya tiba nyuklia ina sura mbaya. Mwekee daktari picha ya CT ya kifua upande mmoja, na upande wa pili picha ya mifupa iliyotoka kwenye kamera ya gama. Ya kwanza inamwonyesha mishipa myembamba kama iliyochorwa kwa kalamu. Ya pili ni madoadoa: mbavu zimefifia, figo haijulikani inaishia wapi, kibofu kimewaka kupita kiasi. Hata hivyo, saratani ya tezi dume ikishafika kwenye mifupa, mara nyingi ni hii mbaya inayotoa habari mapema, kwa sababu haipigi umbo la mfupa, inaonyesha mfupa unavyofanya kazi saa ileile. Ndiyo maana tunaivumilia. Na ndiyo maana kwa zaidi ya nusu karne watu wa hesabu wamehangaika kuisafisha.

Nitakachokitetea leo ni hiki: kichujio cha picha hakiongezi habari hata chembe. Kinachagua tu ni kosa la namna gani tutaishi nalo. Uchaguzi huo unafanyika kila siku, kwa kila mgonjwa, na mara nyingi aliyeufanya ni fundi aliyekuja kufunga mashine, akaondoka.

Tuone kwanza ubaya unatoka wapi. Mgonjwa wa uchunguzi wa mifupa huchomwa sindano yenye teknetiamu-99m iliyofungwa kwenye dawa inayovutwa na mfupa. Husubiri saa mbili au tatu, anakunywa maji, anakwenda haja ndogo, kisha analala chini ya kamera. Kuanzia hapo mwili wake ndio chanzo cha mwanga wa picha. Miale ya gama inatoka ndani yake ikiwa na nishati ya kiloelektronivolti 140, na inatoka ikielekea kila upande. Hakuna lenzi ya kioo inayoweza kuikusanya. Hal Anger, aliyeunda kamera ya kwanza ya namna hii huko Berkeley, California, mwaka 1957, alitumia fuwele ya iodidi ya sodiamu yenye upana wa kama sentimita 10 na mirija saba ya kukuza mwanga nyuma yake. Kamera za leo ni kubwa zaidi, lakini wazo ni lilelile, na tatizo la lenzi halijaondoka. Mbele ya fuwele tunaweka bamba la risasi lenye maelfu ya matundu membamba, nalo linaitwa kolimeta. Mwale unaokuja wima hupita. Unaokuja mshazari humezwa na risasi. Katika kila miale 10,000, inayopenya na kuhesabiwa ni kama mmoja.

Tunatupa 9,999 ili tujue huo mmoja umetoka wapi. Na bado hatujui vizuri! Tundu lina upana wake, kwa hiyo nukta iliyo sentimita 10 kutoka kwenye kamera huonekana kama doa la milimita 7 au 8. Huo tunauita ukungu. Juu yake kuna miale iliyogonga nyama njiani, ikapinda, ikafika ikidai kutoka mahali ambako haikutoka.

Halafu kuna kelele, na hapa ningependa mnivumilie kidogo kwa sababu ndipo penye kiini. Panga sufuria mia moja zinazolingana uani wakati wa manyunyu. Mvua ni moja kwa zote, lakini hesabu matone baada ya dakika moja uone kama zitalingana. Pikseli za kamera ya gama ziko katika hali hiyohiyo. Pikseli inayostahili kupata miale 100 itapotoka kwa kama 10 juu au chini, yaani asilimia 10. Inayostahili 10,000 itapotoka kwa kama 100, asilimia 1. Kupotoka ni kipeuo cha pili cha hesabu yenyewe. Hakuna fundi wa kulirekebisha hilo, maana si hitilafu ya mashine. Atomu huvunjika kwa bahati nasibu, ndivyo maumbile yalivyo.

Bei yake ni kali. Ukitaka kelele ipungue kwa nusu, unahitaji miale mara nne. Uchunguzi wa dakika 20 uwe wa dakika 80, au dozi iwe mara nne. Mgonjwa mwenye maumivu ya mgongo hawezi kulala kimya dakika 80 juu ya kitanda kigumu. Atasogea, na akisogea ameleta ukungu mwingine. Dozi mara nne hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeiandika.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki kuna sababu ya ziada. Teknetiamu-99m ina nusu uhai wa saa 6, haiwekwi stoo. Hukamuliwa kutoka kwenye jenereta yenye molibdenamu-99, ambayo nusu uhai wake ni saa 66, ufundi uliobuniwa katika maabara ya Brookhaven, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950. Molibdenamu yenyewe hutoka kwenye vinu vinavyohesabika kwa vidole: Petten kule Uholanzi, Mol kule Ubelgiji, Pelindaba kule Afrika Kusini, na vingine vichache. Jenereta inakuja kwa ndege. Kama Jumatatu asubuhi ina nguvu kamili, Ijumaa asubuhi imebakiwa na asilimia 36 hivi, ndege ichelewe au isichelewe. Mwaka 2009 kinu cha Chalk River, Kanada, kilipozimwa kwa zaidi ya mwaka mzima kutokana na kuvuja kwa maji mazito, hospitali za nchi tajiri nazo zikaanza kuhesabu kila megabekereli. Mgonjwa wa Ijumaa ana haki ya jibu sawa na mgonjwa wa Jumatatu, na kati yao kilichosimama ni kichujio.

Sasa hesabu, kidogo tu. Mwaka 1822 Joseph Fourier alichapisha kitabu chake juu ya uenezi wa joto, na ndani yake mlikuwa na wazo kwamba umbo unaweza kuliandika kama jumla ya mawimbi. Picha nayo ni umbo. Mawimbi marefu hubeba mambo makubwa: ini lilivyokaa, duara la fuvu. Mawimbi mafupi hubeba ukingo, ufa, kivimbe cha milimita chache. Kamera ya gama hupitisha mawimbi marefu karibu yote, na kadiri wimbi linavyozidi kuwa fupi ndivyo inavyolidhoofisha. Kelele haina ubaguzi huo, imetapakaa kwenye mawimbi yote kwa kiwango kimoja. Kwa hiyo pana mahali ambapo habari za mgonjwa zinazama chini ya kelele, na zikishazama hazijulikani tena.

Wanafunzi huwa wanauliza: kama tunajua kamera imelidhoofisha wimbi fulani hadi likabaki sehemu moja ya hamsini, si tulizidishe kwa hamsini tu? Swali ni la haki. Tatizo ni kwamba katika wimbi hilo kuna habari kidogo na kelele nyingi, na kuzidisha hakujui kutofautisha. Ukifanya hivyo, ukungu unaondoka kweli kwenye karatasi ya hesabu, na kwenye skrini unapata tufani.

Njia ya kwanza ya kukwepa tufani ni kuyakata mawimbi mafupi. Vichujio vya kulainisha vina majina ya watu ambao hawakuwahi kufikiria kamera ya hospitali. Julius von Hann alikuwa mtaalamu wa hali ya hewa wa Austria, akisawazisha takwimu zake za angani. Stephen Butterworth, Mwingereza, mwaka 1930 aliandika juu ya vikuza sauti vya umeme. Leo jina lake liko kwenye menyu ya karibu kila kompyuta ya SPECT, yaani ya kujenga picha za tabaka za tiba nyuklia, likiwa na visanduku viwili vya kujaza: ukatie wapi, na ukate kwa ukali gani. Namba mbili. Kwa namba hizo mbili unaweza kuufanya moyo mmoja uonekane mzima au uonekane umetoboka, na katika kesi zote mbili kompyuta itakuchapishia picha yenye rangi nzuri.

Kulainisha ni uoga wa heshima: tunaogopa kelele, tunakubali ukungu zaidi. Kurejesha picha ni tamaa kubwa kuliko hiyo. Kunataka kuupunguza ukungu bila kuiamsha kelele, na mtu ninayemheshimu kuliko wote katika habari hii ni Charles Metz.

Metz alimaliza tasnifu yake ya uzamivu mwaka 1969, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akichunguza usindikaji wa picha za isotopu, kisha akafanya kazi maisha yake yote Chicago. Kichujio chake ukikichora kinaanza na moja kwenye mawimbi marefu kabisa, yaani hakiyagusi. Kisha kinapanda: kwenye mawimbi ya kati, ambako kamera imedhoofisha habari lakini haijaizamisha, kinarudisha kilichopotea, karibu kama yule mwanafunzi wetu alivyotaka. Halafu kinageuka na kushuka hadi sifuri kabla hakijafika kwenye tufani. Mahali pa kugeukia panaamuliwa na namba moja, kipeo kilichokaa ndani ya kanuni. Ukiongeza kipeo, kichujio kinathubutu kwenda mbali zaidi. Katika majaribio ya miaka ya 1980 kipeo hicho kilifungamanishwa na hesabu ya miale iliyopatikana: picha tajiri ya miale inapewa kichujio cha ujasiri, picha maskini inapewa cha unyenyekevu.

Lakini heshima yangu kwa Metz haitokani na kanuni hiyo. Inatokana na alichofanya baadaye. Mtu aliyebuni kichujio angeweza kukaa akionyesha watu picha zake za kabla na baada, na tungempigia makofi. Yeye akaenda kuuliza swali lisilopendeza: daktari akisoma picha iliyochujwa, je, anapata jibu sahihi mara nyingi zaidi? Makala yake ya 1978 juu ya mkondo wa ROC, mbinu iliyotokana na kazi ya waendesha rada wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, iliwafundisha watu wa picha za tiba kupima wagonjwa wangapi wametambuliwa kwa haki na wangapi wametishwa bure. Uzuri wa picha haumo kwenye kipimo hicho. Napenda kuamini kwamba aliyezijua njia za kuipamba picha ndiye aliyekuwa na sababu ya kuuogopa uzuri wake.

Kichujio cha Norbert Wiener nacho kilizaliwa vitani, kwenye hesabu za kulenga bunduki za kutungulia ndege. Kinatoa kosa dogo kuliko yote kwa wastani, kwa sharti moja: ukiambie mapema habari za kweli zina nguvu kiasi gani kwenye kila wimbi, na kelele ina nguvu kiasi gani. Kelele tunaiweza, tumeshaona ni kipeuo cha pili. Na habari za kweli ni za nani? Za mgonjwa huyu, ambaye ndio kwanza tunamchunguza? Tungezijua, tusingemchoma sindano. Kwa hiyo tunakisia kutokana na wengine, au kutokana na picha hiyohiyo yenye kelele, na kichujio kinakwenda kazini kikimtarajia mtu wa kawaida. Ugonjwa, kwa bahati mbaya, si wa kawaida.

Nitoke kidogo hospitalini niwapeleke angani. Mwaka 1990 Marekani ilirusha darubini ya Hubble, na wiki chache baadaye ikagundulika kioo chake kikubwa kilisuguliwa vibaya: kwenye ukingo kilikuwa bapa kupita kiasi kwa maikromita 2.2. Picha zikaja na ukungu. Wanaastronomia wakachukua kanuni waliyokuwa nayo tayari, iliyotolewa na William Richardson mwaka 1972 na Leon Lucy mwaka 1974, ambayo hukisia picha halisi, huitia ukungu unaojulikana, huilinganisha na iliyopigwa, husahihisha, kisha hurudia. Mwaka 1982 Lawrence Shepp na Yehuda Vardi, wakitafuta namna ya kujenga picha za tabaka za tiba nyuklia kwa kuheshimu bahati nasibu ya miale, wakafika kwenye kanuni ambayo kihisabati ni dada wa hiyo. Toleo lake la haraka la 1994, kazi ya Hudson na Larkin, ndilo linalozunguka kwenye mashine nyingi tunazotumia.

Basi Hubble ilitengenezwaje? Kanuni ilisaidia, hasa kwa nyota angavu. Kwa vitu hafifu haikutosha, kwa kuwa mwanga uliotapanyika ulikuwa umeshachanganyika na kelele. Desemba 1993 wanaanga wakapanda, wakafunga vioo vya kusahihisha. Nawakumbusha hili wenzangu kila mara muuzaji anapokuja na programu mpya inayoahidi nusu ya dozi na nusu ya muda. Inawezekana ni programu nzuri sana. Muulizeni tu kitu hafifu kinatokaje.

Kanuni hii inayorudiarudia ina tabia yake. Ukiipa umbo la ukungu wa kamera ili iuondoe, huwa inapitiliza kwenye kingo: kivimbe kidogo kinang'aa kuliko kilivyo, na kikubwa kinapata pete angavu pembeni. Pete hiyo haipo mwilini. Imezaliwa na hesabu zilizojaribu kurudisha mawimbi mafupi ambayo kamera haikuyaona kabisa. Unaweza kuliona hilo bila mgonjwa, kwa kutumia fantomu ya Jaszczak, silinda ya plastiki inayojazwa maji yenye teknetiamu, ndani yake mna mipira sita, mdogo wa milimita 9.5 na mkubwa wa 31.8. Hapo jibu tunalo kabla ya swali. Kiasi cha dawa ndani ya silinda tumekipima wenyewe.

Sasa rudini nami kitandani. Uchunguzi wa mtiririko wa damu kwenye msuli wa moyo. Ukilainisha kupita kiasi, kovu dogo la ukuta wa chini linajazwa na ujirani wake, mgonjwa anaambiwa yuko salama. Ukinoa kupita kiasi, msuli mzima unakuwa na mabaka, mgonjwa asiye na shida anapelekwa kuingizwa mrija kwenye mishipa ya moyo. Moyo mdogo, ambao mara nyingi ni wa mwanamke, una adha yake: ukijikunja, chumba chake kinakuwa kidogo kuliko uwezo wa kamera kukiona, ukungu wa kuta unakimeza, na kompyuta inatangaza kwamba moyo unasukuma vizuri kuliko ukweli. Badilisha namba ya Butterworth na asilimia hiyo inabadilika.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni ulinganishaji. Mgonjwa wa saratani anapigwa picha Januari na kurudi Juni. Katikati, mashine imepata programu mpya, au mteknolojia mwingine ameweka kichujio anachokipenda. Kivimbe cha Juni kinang'aa zaidi. Je, saratani imepanda au kichujio kimepanda? Dawa zinabadilishwa kwa jibu la swali hilo, na ripoti nyingi hazina hata mstari mmoja unaotaja kichujio. Ripoti ya maabara ikikosa kipimo cha kawaida, daktari huirudisha. Hii yetu hupokewa na kufungwa kwenye faili.

Na sasa kuna vichujio vya aina mpya, visivyo na kanuni ya kuandika ubaoni. Ni mitandao neva ya kompyuta iliyofundishwa kwa maelfu ya jozi za picha, yenye kelele na isiyo na kelele, hadi ikajua kuigeuza moja kuwa nyingine. Nimeona kazi zake na nakiri zinapendeza macho. Hofu yangu ni ileile niliyonayo kwa kichujio cha Wiener, ila imefichwa ndani zaidi: chombo kinajua sura za wale waliokifundisha. Mfupa wa mgonjwa wa selimundu una mabaka yake, penye damu iliyoziba na penye uboho unaofanya kazi ya ziada. Kifua kikuu cha uti wa mgongo kina sura yake. Kama mkusanyiko wa mafunzo haukuwa na wagonjwa hao, chombo kinaweza kuyaona mabaka yao kuwa ni kelele na kuyafuta, au kuyavuta yafanane na kitu kinachokijua. Tofauti na Metz, hakina grafu ya kutuonyesha ni wapi kilipogeuka. Hapa, mpaka mtu anithibitishie kwa wagonjwa wetu na kwa mkondo wa ROC, mimi ni mgumu wa kushawishika.

Mtaniuliza tufanyeje, maana kamera zipo na wagonjwa wako kwenye foleni. Idara haihitaji kununua kitu. Daktari, mwanafizikia na mteknolojia wakae meza moja, wachague kichujio kwa kila uchunguzi, wakijaribu kwenye fantomu kwa hesabu za miale za Jumatatu na za Ijumaa, si kwa picha ya maonyesho ya kampuni. Namba zake ziandikwe chini ya ripoti. Mgonjwa anayerudi achujwe kwa namba zilezile za mara ya kwanza, hata kama tumepata nzuri zaidi. Hizo nzuri zaidi zitengenezewe picha ya pili pembeni.

Na data ghafi zisifutwe. Hili nimebishana nalo na watu wengi, na hoja yao huwa nafasi ya kuhifadhia. Basi tupige hesabu hapahapa. Uchunguzi wa moyo una picha 64 zilizopigwa kwa kuzunguka kifua. Tuseme kila moja ina pikseli 128 kwa 128, na kila pikseli inachukua baiti 2. Jumla ni megabaiti 2 na kitu kidogo. Picha niliyopigwa na mwenyekiti wa kikao hiki kwa simu yake tulipokuwa tukiingia ukumbini inaweza kuwa kubwa kuliko hiyo. Kwa megabaiti hizo mbili, daktari wa miaka kumi ijayo, mwenye kichujio ambacho bado hakijabuniwa, ataweza kumfungua mgonjwa wa leo na kuanza upya. Tukimwachia picha iliyochujwa peke yake, atakuwa amefungwa na uamuzi wetu.